USIJENGE MPAKA SHILINGI YA MWISHO



Siku hizi ukikaa na wafanya kazi saa ya chakula husikii habari ya mpira peke yake. Utasikia habari ya ploti. Huyu amenunua, yule anachimba msingi, mwingine amekwisha pandisha mabati. Hatuna neno baya juu ya jambo hilo. Mtu aliyelipa kodi kwa wengine miaka yote ana haki ya kupokea kodi naye. Neno letu ni juu ya wale wanaojenga mpaka shilingi ya mwisho, mkononi wasibaki na kitu.

Tufanye hesabu. Mwanachama ana akiba ya Sh. 300,000/- katika SACCO. Anapewa mara tatu, yaani Sh. 900,000/-, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya deni linalobaki, alipe kwa miezi 48. Kila mwezi atakatwa karibu Sh. 23,700/-. Anajenga vyumba sita, kila kimoja kimemgharimu Sh. 150,000/- na kodi yake ni Sh. 4,500/-. Jumla ya kodi ni Sh. 27,000/- kwa mwezi. Anacheka, anasema vyumba vitajilipa vyenyewe.

Haya, toa kwanza ushuru wa serikali. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, ikiwa kwa mwaka inapita Sh. 288,000/-, na huruhusiwi kuondoa gharama ya rangi wala ya fundi. Hapo zimekwenda Sh. 2,025/-. Ukilipa mkopo umebakiwa na Sh. 1,275/-, na bado hujanunua kitasa wala kulipa gari la kunyonya choo. Vyumba viwili vikikaa vitupu mwezi mmoja, utatoa mshaharani zaidi ya Sh. 7,000/-. Tena hatujataja miezi ya ujenzi, wakati makato yameanza na nyumba haina hata madirisha. Miezi minne ya namna hiyo ni Sh. 94,800/-.

Wengine hujibu, "Nina akiba yangu katika SACCO." Ndugu, hiyo si pesa ya mkononi. Ndiyo iliyoshika mkopo wako, na huwezi kuichukua mpaka deni liishe. Wala usitegemee bima ya mkopo: katika vyama vingi humlinda mtu akifa, haimlindi akifutwa kazi.

Na ukishindwa, nani hulipa? Kwanza akiba yako, kisha akiba ya wadhamini wako. Hao si watu wa mbali. Ni yule mnayefanya naye zamu moja, ambaye alitia sahihi kwa sababu wewe ni ndugu yake wa kazi. Tumeona urafiki mwingi ukivunjika kwa jambo hili, na mara nyingi aliyeshindwa hakuwa mwizi. Alikosa tu pesa ya kumvusha miezi mitatu.

Kumbukeni mwaka 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, hoteli nyingi za Pwani zilifunga milango. Mfanya kazi wa hoteli aliyejenga vyumba karibu na kazi yake alikuwa amewapangisha wafanya kazi wa hoteli wenzake. Basi mshahara wake na kodi yake vilikatika pamoja, maana vyote viwili vilitoka katika mfuko mmoja. Jambo hili watu hawalifikirii. Mwenye kujenga Athi River akawapangisha watu wa kiwanda kile kile anachofanyia kazi, ajue kwamba kiwanda kikisimama, nyumba nayo itasimama.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi kama chama. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanya kazi haki ya kugoma, lakini hakimpi mshahara wakati wa mgomo. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulikwenda siku 100. Ule wa wauguzi wa mwaka 2017 ulipita miezi minne. Mtu ambaye theluthi mbili ya mshahara wake, kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa na Sheria ya Ajira ya 2007, imekwisha katwa, atasimama siku ngapi? Mwajiri ndiye anayekata, na pesilipi zote anazo. Anajua nani hawezi kufika wiki ya pili.

Kwa hiyo twasema hivi. Katika mfano wetu, jenga vyumba vitano. Gharama ya chumba cha sita, Sh. 150,000/-, ikae katika akaunti ambayo waweza kuifikia lakini hupiti kwake kila siku. Hizo ni makato ya miezi sita na zaidi kidogo. Kweli, vyumba vitano havifiki Sh. 23,700/-, na mshahara utaongeza kidogo kila mwezi. Ambaye mshahara wake hauwezi kuongeza hicho kidogo, basi amekopa kupita nguvu zake, apunguze mkopo. Tena wako watakaosema ni ujinga kulipa riba kwa fedha zilizolala. Riba hiyo ni Sh. 1,500/- mwezi wa kwanza, na inapungua kila mwezi. Mwenye kuiona ni ghali amuulize mdhamini aliyepoteza akiba ya miaka kumi.

Pesa hizo zikitumika kwa shida, kodi ya kwanza itakayofuata irudishwe hapo kabla ya kununua hata ndoo ya rangi. Na mpangaji wako akifutwa kazi, usikimbilie kung'oa mlango. Yeye naye ni mfanya kazi, na mwenye akiba aweza kungoja mwezi.

Mwanachama anayetaka kukopa kwa ajili ya vyumba alete pesilipi yake na hesabu ya fundi kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi, aje na mdhamini mmoja, na kama ana mke au mume aje naye pia.

Mhariri