Watoto wa Horohoro na Mavuno Yetu



Wapo watakaouliza: gazeti la wakulima wa karafuu lina habari gani na skuli ya msingi ya Horohoro, huko ng'ambo, mpakani na Kenya? Mkarafuu haumei Horohoro. Huko ni mahindi, mihogo, mkonge wa Mkinga na biashara ya mpakani. Jibu langu ni fupi. Baadhi ya wachumaji wetu hutoka huko, na miongoni mwao wamo watoto ambao majina yao huitwa darasani asubuhi na hakuna aitikaye.

Tusijifanye hatujui. Pemba na pwani ya Tanga ni nyumba moja yenye ukumbi wa maji. Watu wa Kojani hwenda dago upande ule tangu zamani, wengine wakaoa huko, wengine wakajenga, na watoto wao leo wanasema Kidigo na Kipemba kwa pumzi moja. Mwanachama akiona karafuu zimezaa sana na watu wa kuchuma hawatoshi, hupiga simu kwa shemeji yake Horohoro: "Niletee watu." Shemeji naye huleta watu, na kwa kuwa mtoto hali sana wala hadai sana, huleta na watoto. Wanashuka Tanga kwa gari, mwendo wa kilomita 65 hivi za lami, wanatafuta chombo, na siku ya pili wapo Wete au Mkoani. Jambo hili limekuwa jepesi mno, na wepesi wake ndio ulionitia wasiwasi.

Basi tuzitazame habari za skuli za huko, kwani anayemwita mtoto avuke bahari yampasa ajue anamtoa kwenye nini.

Skuli za serikali za Bara hufunguliwa Januari na kufungwa mwanzoni mwa Desemba au karibu na hapo, na mapumziko makubwa ya katikati huwa mwezi wa Juni. Septemba darasa la saba hufanya mtihani wao wa kumaliza. Oktoba ni zamu ya darasa la nne, kwa upimaji wa kitaifa, na mtoto asiyefaulu hapo hurudia darasa. Kabla mwaka haujaisha, watoto wa darasa la pili nao hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Katikati ya mwaka kuna michezo ya UMITASHUMTA, ambayo huanzia skulini, ikapanda wilayani, mkoani hata ikafika taifa. Na mtoto wa kijijini aliyewahi kuvaa fulana ya wilaya yake hasahau siku hiyo mpaka uzeeni. Tena kuna mikutano ya wazazi, ambayo akina baba wengi huwaachia akina mama, kama kwamba mtoto ana mzazi mmoja.

Sasa iweke kalenda hiyo pembeni mwa kalenda yetu. Karafuu zetu huanza kuiva katikati ya mwaka, na mwaka wa neema kazi huendelea hata baada ya mwaka mpya. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, miezi ambayo Bara mtoto hupimwa, ndiyo miezi ambayo sisi twahitaji mikono. Hakuna aliyelipanga hili kwa ubaya. Lakini mwenye kuumia ni mmoja tu, naye ni mtoto.

Mwanachama mmoja aliniambia, "Katibu, akikosa mtihani Horohoro atafanya huku." Hapa ndipo penye kosa la wengi, nami naomba mnisikilize kwa makini. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Wizara ya Zanzibar ina mitaala yake na mitihani yake ya skuli za msingi, na Bara wana yao. Baraza la Mitihani la Taifa ndilo la Muungano, na kwa watoto wa msingi linasimamia mitihani ya Bara. Mtoto wa Horohoro ana namba yake katika daftari la mtandao liitwalo PREM, na kwa namba hiyo hujulikana yuko skuli gani na darasa gani. Akihama kwenda skuli nyingine ya Bara, namba humfuata. Lakini akipakiwa chomboni usiku pamoja na magunia matupu, hahamishwi na mtu: huku hayumo katika daftari lolote, na kule jina lake lina alama ya mtoro. Mvulana wa miaka kumi amekuwa mtoro bila ya kutoroka, kwani aliyemchukua ni mjomba wake.

Liko pia jambo la karatasi. Aliyezaliwa Horohoro cheti chake cha kuzaliwa hutoka RITA. Aliyezaliwa Wete chake hutoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Watoto waliozaliwa dago mara nyingi hawana hiki wala kile. Tusilifanyie mzaha. Ndugu zetu Wapemba waliohamia pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, waliishi miaka mingi bila ya kutambuliwa kuwa raia, na watoto wao wakataabika kwa kukosa vyeti, mpaka Serikali ya Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Mwenye kumsafirisha mtoto huku na huku juu ya mpaka na juu ya bahari, bila ya karatasi, anamtayarishia taabu kama ile.

Ipo habari nyingine kubwa, na nashangaa kuona haizungumzwi vibarazani. Bara wameanza mtaala mpya mwaka 2024, na elimu ya msingi yao itakuwa miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule ndio wa kwanza; hao wanatazamiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Yaani madarasa mawili yatatoka kwa pamoja, na Januari 2028 yatabisha hodi kwa pamoja kwenye skuli za sekondari. Fikirini msongamano huo katika wilaya kama Mkinga. Mtoto aliyeshika masomo vizuri atapita katikati ya watu. Yule aliyerudishwa nyuma mwaka mmoja kwa sababu ya pishi za karafuu atakuwa wapi? Zanzibar sera yetu ya mwaka 2006 ilikwisha kuiweka msingi kuwa miaka sita, na Kenya nao, baada ya kuuacha mfumo wa nane-nne-nne, msingi yao inaishia gredi ya sita. Basi mtoto wa Pemba, wa Horohoro na wa Lunga Lunga watasoma miaka sawa. Mimi naona ni jambo jema, lakini mwaka mmoja uliopotea katika sita ni mzito kuliko mwaka mmoja katika saba. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni za kweli. Ya kwanza, kwamba sisi wenyewe tulikulia chini ya mikarafuu. Ni kweli. Nimechambua karafuu na makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, nikitoka chuoni asubuhi na skuli jioni, wala sikupungukiwa na kitu. Wazee wasimulia kwamba ziko nyakati skuli zilifungwa ili wanafunzi watoke kwenda kuchuma. Lakini skuli ikifungwa, imefungwa kwa wote, na masomo yakirudi, yanarudi kwa wote. Hilo si sawa na mtoto mmoja kuondolewa na arubaini wenzake wakaendelea. Tena mimi nilikuwa nikilala kwetu. Mtoto wa Horohoro analala kambini, na watu asiowajua, na hakuna wa kumwuliza amekula nini.

Hoja ya pili ni ya umasikini, na hii ndiyo nzito. Serikali iliondoa ada na michango ya lazima katika skuli za Bara tangu Januari 2016, kama huku kwetu elimu ilivyotangazwa kuwa bure mwaka 1964. Lakini bure haina maana ya kwamba hakuna gharama. Sare ni ya mzazi, madaftari ni ya mzazi, na chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi wenyewe: huyu alete mahindi, yule maharage, mwengine fedha ya mpishi. Ruzuku ya serikali imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Mzazi asiyekuwa na debe la mahindi huona haya kumpeleka mwanawe, na mtoto anayeshinda na njaa huona hakuna sababu ya kwenda. Hapo mpakani pana mambo mengi ya kumvuta: kubeba mzigo kuuvusha njia za panya, kuosha pikipiki, kuuza maji kwa madereva wa malori yanayongoja forodhani. Ukimpigia simu shemeji wakati huo, umekuta mlango tayari umeachwa wazi.

Kwa hiyo sisemi kwamba sisi ndio tuliowaharibia watoto wa Horohoro. Nasema sisi ni mmoja wa mikono inayowavuta, na mkono wetu tunaweza kuurudisha.

Wala tusidhani kwamba twapata faida kubwa. Mkarafuu ni mti wa tawi jepesi kuvunjika. Mchumaji mzoefu hulivuta tawi kwa ngowe, akachuma vishada akaliachia pole pole. Mtoto hulikwea, likavunjika, na tawi lililovunjika leo halizai mavuno yajayo. Nendeni mkatazame mashamba yaliyochumwa na watoto, mtayaona kama yaliyopitiwa na kima. Na anapoanguka mtoto, jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kulisikia katika kijiji chake, hakuna pishi itakayolipa. Mwenye shamba atabaki akitafutwa na jamaa, na sheha, na polisi, na yeye mwenyewe hapati usingizi.

Ama wale wanaookotwa njiani ati "waokote mpeta tu, hawapandi mti," hao nao nawajua. Mtoto akijua mpeta una mnunuzi, hangoji ushuke wenyewe. Huanza kwa kuokota chini, siku ya tatu yuko katika jamvi la jirani. Ugomvi wa wanachama wawili uliotufikia ofisini msimu uliopita chanzo chake kilikuwa kikapu kimoja cha mpeta.

Basi nini kifanyike? Kamati yenu imezungumza, nami hapa natoa rai yangu kabla mkutano mkuu haujakaa, ili mje mkiwa mmeifikiri.

Rai ya kwanza ni kwamba mwanachama anayeleta wachumaji kutoka ng'ambo aandikishe majina na umri wao ofisini kabla hawajavuka. Asiyetimiza umri asiandikwe. Akina shemeji watanung'unika msimu mmoja, kisha watazoea. Mzazi anayetaka kuja na mwanawe kwa sababu hana wa kumwachia, aje naye Desemba skuli zikishafungwa. Karafuu za vuli bado zitakuwepo, na mtoto atalala na mzazi wake, na kazi yake itakuwa kuchambua chini, si kupanda mtini.

Ya pili ina fedha ndani yake, nami najua hapo ndipo sauti zitakapopanda. Napendekeza kwamba katika kila gunia ambalo mwanachama atauza kituoni cha ZSTC msimu huu, kilo moja ihesabiwe kuwa ya chakula cha mchana cha watoto wa wachumaji wetu, wale walioko Horohoro na wale walioko hapa hapa kisiwani. Fedha hiyo isitumwe mkononi mwa mtu. Inunuliwe mahindi na maharage huko huko Mkinga, yakabidhiwe kamati ya skuli mbele ya mwalimu mkuu na wazazi, na risiti irudi ofisini na kubandikwa ukutani. Mwaka huu tuanze na skuli moja. Tukiona mahindi yanageuka kuwa kitu chengine njiani, tuache.

Wapo watakaosema kilo moja ni nyingi. Nami nawauliza: msimu uliopita, mwanachama gani hakupoteza zaidi ya kilo moja kwa karafuu zilizoungua jamvini kwa kukosa wa kuzigeuza, au zilizonyeshewa usiku kwa uvivu wa kuamka? Hizo hatukuzipigia kura.

Nilipozungumza na mwalimu mmoja wa upande ule, hakuomba fedha wala mahindi. Aliomba kitu kimoja tu: tunapotaka watu, tumwambie mapema tarehe tutakayoanza kuchuma, ili naye awaite wazazi na kuzungumza nao kabla chombo hakijaondoka. Hilo halina gharama. Nimemwahidi kwamba mara msimu utakapotangazwa nitampigia simu siku ile ile, na nambari yake ipo ofisini kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuzungumza naye mwenyewe.

Mkutano mkuu utakaa Jumapili ya kwanza baada ya kutangazwa msimu, baada ya sala ya adhuhuri, hapo hapo ghalani. Wenye wachumaji wa Horohoro waje na majina yao yameandikwa, na asiyejua kuandika aje mapema, nitamwandikia.