Uvumi Usiwe Mizani ya Mtu

Kila mwaka mwezi wa Februari unapowadia, na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji inapokaribia katika ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, NBA, ulimwengu wa michezo hujaa minong'ono. Husemwa kwamba fulani anaondoka, fulani anatakiwa, na timu fulani imekubali kutoa wachezaji watatu ili ipate mmoja. Minong'ono hiyo huvuka bahari na kufika hata kwetu, ikajadiliwa vijiweni, maofisini na katika vyumba vya walimu wakati wa chai. Na mara nyingi hukumu hutolewa kabla jambo lenyewe halijatokea: huyu amepunjwa, yule amepata dodo chini ya mnazi.

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini haimpi msikilizaji ruhusa ya kuacha kufikiri. Jambo linaweza kuwapo na bado likapimwa kwa mizani mbovu. Sisi Watanzania tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari suala hili, kwa kuwa kijana wetu mmoja amepita katika tanuri hilo, na hadi leo wapo wanaomtaja kwa dhihaka bila kujua hesabu ilivyokuwa.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na akasoma katika Shule ya Sekondari ya Makongo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana wa miaka kama 15. Alikwenda Marekani, akamaliza sekondari katika jiji la Houston, kisha akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu. Akiwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, alitawazwa kuwa mlinzi bora wa mashindano ya vyuo ya ukanda wa Big East mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009. Mnamo Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka huo. Akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Furaha hiyo haikudumu. Msimu wa kwanza alipewa muda mfupi uwanjani, na mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya maendeleo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Februari 2011, siku chache tu baada ya kutimiza umri wa miaka 24, Memphis ilimtoa kwa Houston Rockets pamoja na mchezaji mwenzake, DeMarre Carroll, na haki ya kuchagua kijana mmoja katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa miaka ya mbele. Kwa upande wake, Memphis ilimpata Shane Battier, mchezaji mwenye umri wa miaka 32, pamoja na kijana Ish Smith.

Hebu ndugu msomaji ajiweke katika siku ya kuamkia tukio hilo. Tuseme ameletewa uvumi huo ungali uvumi. Je, angeupima vipi?

Wengi wangeupima kwa majina na kwa umri. Wangesema kwamba kijana wa miaka 24, aliyechaguliwa wa pili katika taifa zima la Marekani, anatolewa pamoja na nyongeza ili apatikane mtu anayekaribia kustaafu, na ambaye mkataba wake unakwisha baada ya miezi michache. Kwa mizani hiyo Memphis ingeonekana imepumbazwa. Wengine wangeruka upande wa pili na kusema kwamba timu haimtoi mtu wake bila sababu, kwa hiyo kijana hana thamani yoyote. Hukumu hizo mbili zinapingana, lakini kosa lake ni moja: zote zinatazama mtu peke yake, kana kwamba yumo katika chombo cha kioo, bila kutazama mahali anapotoka na mahali anapokwenda.

Mizani ya haki ina maswali manne. Swali la kwanza ni nani anayesema, na anapata faida gani kwa kusema. Wakala wa mchezaji aweza kuvumisha jina la mteja wake ili bei ipande. Uongozi wa timu nao waweza kuvumisha ili kupima soko, au ili kumtisha mchezaji anayedai mkataba mnono. Uvumi usiokuwa na mwenyewe haupaswi kupewa uzito sawa na tangazo.

Swali la pili ni kila upande unahitaji nini. Hapa hesabu ya mwaka 2011 inaanza kueleweka. Memphis tayari ilikuwa na mchezaji wa kati, Marc Gasol wa Hispania, aliyekuwa akiimarika mwezi hadi mwezi. Nafasi ya kijana wetu ilikuwa imezibwa. Aidha, katikati ya Februari, Rudy Gay, mmoja wa wafungaji wakuu wa timu hiyo, aliumia bega. Ilihitajika mikono ya mtu mzima, ajuaye kukaba na kutulia wakati wa vishindo. Houston nayo ilikuwa na pengo la aina nyingine: jitu lao kutoka China, Yao Ming, lilikuwa limeumia mguu tangu Novemba 2010, na halikurudi tena uwanjani hadi lilipotangaza kustaafu Julai 2011. Timu iliyopoteza mtu mrefu ilikuwa na sababu nzuri ya kumjaribu mtu mrefu.

Swali la tatu ni la wakati na mkataba. Katika ligi hiyo mchezaji hahami peke yake. Mkataba wake humfuata, na timu inayompokea hubeba mshahara wake kwa muda uliobaki. Ipo sheria ya kikomo cha mishahara, na timu iliyovuka kikomo hicho hulazimika kurudisha mishahara inayokaribiana na ile inayoipokea. Ndiyo maana mara nyingine jina lisilojulikana huonekana katika mabadilishano: limetiwa ili hesabu ikae sawa. Ndiyo maana pia mkataba unaokaribia kwisha waweza kuwa na thamani kuliko mchezaji mwenyewe, kwa sababu huifungulia timu mlango wa kupumua mwaka unaofuata.

Swali la nne ni thamani ya kile kisichoonekana. Haki ya kumchagua kijana wa baadaye ni ahadi tu. Ikitoka kwa timu dhaifu huwa na uzito, ikitoka kwa timu imara hupungua. Vivyo hivyo kwa wachezaji. Mwaka 2009 mwandishi wa Marekani Michael Lewis aliandika makala ndefu kuhusu huyo huyo Battier, akaonyesha kwamba takwimu zake za kawaida zilikuwa hafifu, lakini kila alipokuwa uwanjani timu yake ilikwenda vizuri na nyota wa upande wa pili walifunga kwa taabu. Kazi yake haikuwa na safu katika jedwali. Nani miongoni mwetu hajawahi kufanya kazi na mtumishi wa namna hiyo, ambaye jina lake halitajwi katika hotuba, lakini siku asipofika ofisi nzima husimama?

Matokeo yalijieleza yenyewe. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1995, timu ya Grizzlies ilikuwa imecheza michezo 12 ya mtoano na kushindwa yote. Tarehe 17 Aprili 2011, ikiwa ya nane katika ukanda wake, ilikwenda San Antonio kupambana na timu iliyoshika nafasi ya kwanza. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Battier alitupa mpira wa pointi tatu ukatumbukia kikapuni. Memphis ilishinda kwa pointi 101 kwa 98, na hatimaye ikaitoa San Antonio kwa michezo minne kwa miwili. Kwa upande wa Houston, jaribio halikuzaa matunda. Thabeet alipewa michezo michache sana, na mwaka 2012 alipelekwa Portland.

Basi, je, Memphis ilipata faida? Kwa msimu ule, ndiyo, tena kubwa. Lakini Battier aliondoka baada ya miezi michache, akaenda Miami na kutwaa ubingwa huko mwaka 2012 na 2013. Faida ilikuwa ya kweli na ilikuwa fupi. Mwenye kupima kwa haki husema yote mawili.

Historia ya timu hiyo hiyo inatupa mafunzo mengine mawili yanayostahili kukumbukwa kila uvumi unapozuka. Siku ile ile ya Februari 2011, Memphis ilikuwa imekubaliana na Indiana kumtoa mchezaji wake O.J. Mayo. Habari zilikwisha kusambaa, lakini karatasi hazikuwahi kufika kwa wakuu wa ligi kabla ya saa ya mwisho, na mpango ukafa. Mayo alibaki, akaitumikia Memphis katika mtoano ule ule wa kihistoria. Waliokwisha kumzika na kuomboleza, au kushangilia, walibaki na maneno yao mikononi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 2008, timu hiyo ilimtoa nyota wake mkubwa, Pau Gasol, kwa Los Angeles Lakers. Wengi waliuona mpango huo kuwa kichekesho. Lakers ilitwaa ubingwa mwaka 2009 na 2010, na wacheshi wakazidi kucheka. Lakini ndani ya vitu vilivyorudi Memphis ilikuwamo haki ya kumsajili mdogo wake Pau, kijana mnene kiasi aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Kijana huyo ndiye Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Ukuta uliomzuia Thabeet kupata nafasi ulijengwa na mabadilishano ambayo watu waliyacheka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Kubadilishwa kwa mchezaji ni hukumu juu ya mahitaji ya timu mbili kwa siku fulani. Si hukumu juu ya utu wa mchezaji, wala juu ya nchi iliyomzaa. Jambo baya katika lugha ya uvumi ni kwamba humgeuza binadamu kuwa kitu cha mnadani. Watu humtajia bei kabla yeye mwenyewe hajaambiwa. Katika NBA wachezaji wachache mno ndio wenye mkataba unaowapa haki ya kukataa kuhamishwa. Waliobaki hufungasha virago na kwenda wanakoambiwa. Mishahara yao ni minono, ndiyo, lakini mshahara haumfanyi mtu kuwa gunia.

Watumishi wa umma na walimu wanalifahamu jambo hili kuliko wanavyodhani. Nani hajawahi kusikia kwamba orodha ya uhamisho inakuja na jina la fulani limo? Kabla barua haijafika, majirani wamekwisha kueleza sababu: ameharibu kazi, hapatani na mkuu wake, au amebebwa. Huenda ukweli ni kwamba shule ya wilaya nyingine haina mwalimu wa hisabati. Mtu hudhoofishwa na uvumi kwa miezi mitatu kwa sababu ya hitaji ambalo halikumhusu yeye binafsi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni kweli kwamba Thabeet hakufikia matumaini yaliyowekwa juu yake. Waliochaguliwa baada yake mwaka ule ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba, na hakuna mizani itakayoficha tofauti hiyo. Lakini kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka kama 15 aliwekwa kundi moja na vijana waliokua na mpira mikononi tangu utotoni. Curry ni mtoto wa mchezaji wa ligi hiyo hiyo. Thabeet aliingia NBA, akahamishwa mara kadhaa, na baadaye akaendelea na kazi yake hadi Japani na Taiwan. Kuvunjika kwa koleo hakukuwa kwake mwisho wa uhunzi.

Kwa hiyo swali linalotuhusu sisi haliko Memphis wala Houston. Urefu ni zawadi ya Mungu, lakini stadi ni kazi ya miaka, na miaka hiyo huanzia katika shule ya msingi, katika kiwanja chenye sakafu na goli, mbele ya mwalimu anayejua kufundisha hatua za miguu kabla ya kufundisha kufunga. Kijana mwingine wa Kitanzania akitajwa kesho katika minong'ono ya Februari, thamani yake itakuwa imeamuliwa miaka kumi kabla, katika uwanja ambao sisi tuliujenga au tuliuacha uote nyasi.

Tuupokee uvumi, tuupime, na tusubiri barua ifike. Na wakati tunasubiri, tuwafundishe watoto kucheza.