Mgeni Anayehamisha Vyombo



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na familia nyingi zikahamia Windows 11. Malalamiko ya wazee wenzangu yamekuwa juu ya kitufe cha Start, kilichotoka pembeni kikakaa katikati. Hilo ni dogo. Ingia katika mipangilio ya upau wa chini ya kioo, nacho kitarudi kushoto.

Kubwa ni OneDrive. Ukijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, folda zako za nyaraka na picha zaweza kuunganishwa na ghala la kampuni hiyo mtandaoni, pasipo wewe kutambua. Nafasi ya bure ni GB 5 tu. Picha za harusi ya Mombasa zikiijaza, huja onyo: lipa au punguza. Hapo ndipo penye hatari. Ukifuta picha ghalani ili kupata nafasi, hutoweka pia katika kompyuta yako. Pipa la taka la OneDrive huihifadhi kwa siku 30, kisha hupotea kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, nakilini picha na barua za uhamiaji katika diski ya pembeni. Ndipo mzime uhifadhi huo katika mipangilio ya OneDrive.

Hatuyakatai mageuzi. Lakini mgeni anayehamisha vyombo vya nyumba sharti kwanza amwombe ruhusa mwenye nyumba.

Wasalaam, hadi mwezi ujao.