Waliopooza na Haki ya Fidia

Wazijuao hospitali zetu hawatastaajabu kusikia kwamba wengi walioumia uti wa mgongo hata wakapooza walikuwa wazima wa afya hadi saa ya ajali, ama barabarani, ama kwa kuanguka. Naye aangukaye aghalabu ni mkwezi wa minazi, mchumaji wa karafuu, au kibarua wa ujenzi aliyepandishwa juu ya mirunda bila ya mkanda wala kamba. Pingili ikivunjika na kuuminya ugwe ulio ndani ya uti, miguu hufa ganzi, na ikiwa ni shingoni, mikono nayo. Tena inasikitisha mno kwamba majeruhi huinuliwa kwa mikono na miguu, akatiwa garini amekunjwa, na madhara yakazidi.

Sheria haikunyamaza. Bima ya kulinda haki za watu wengine ni faradhi kwa magari na pikipiki, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania Bara, ya mwaka 2008, imempa haki aliyeumia kazini. Lakini kibarua wa kutwa, asiye na mkataba wala shahidi, atathibitishaje kwamba aliajiriwa? Hupewa nauli ya kurudi kwao, na muda wa kufungua shauri la madhara, ambao ni miaka 3, humpita yungali kitandani. Twataka, basi, kila mwenye kujenga alazimishwe kuandika majina ya vibarua wake kila asubuhi, na daftari hilo likaguliwe na serikali.