Jina la merikebu na kiti cha nahodha

Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyambizi za Wajerumani zilizamisha merikebu nyingi za mizigo katika bahari ya Atlantiki. Ndipo Wamarekani walipoazimu kuunda nyingine upesi kuliko zilivyozama. Tangu mwaka 1941 hata 1945 waliunda zaidi ya 2.700 za namna moja, kila moja yenye urefu wa meta 135 na kuchukua tani 10.000 hivi. Zamani mabamba ya chuma yalishikanishwa kwa misumari. Hizi ziliungwa kwa moto. Mnamo Novemba 1942 moja ilimalizika kwa siku 4 na saa 15! Lakini hiyo, tukiri, ilikuwa ya kujionyesha.

Nyingi zilipewa majina ya watu mashuhuri waliokwisha kufa. Majina ya watu weusi hayakufika 20. La kwanza lilikuwa la Booker T. Washington, mwalimu aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, na ambaye tangu mwaka 1881 aliiongoza shule ya Tuskegee. Tarehe 29 Septemba 1942, huko Los Angeles, Marian Anderson aliibatiza merikebu hiyo. Ndiye mwimbaji yule ambaye mwaka 1939 alinyimwa ukumbi mmoja wa Washington kwa sababu ya rangi yake.

Kumpa marehemu jina juu ya chuma si kazi ngumu. Je, nani angeiongoza merikebu hiyo?

Alikuwapo Hugh Mulzac, mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Cheti cha unahodha alikuwa nacho kwa zaidi ya miaka 20, naye kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akifanya kazi za jikoni merikebuni, akiwapikia watu ambao pengine walijua bahari kuliko yeye, pengine sivyo. Kabla ya hapo alipewa nafasi ya kuongoza merikebu ya mabaharia weusi peke yao. Akakataa. Sisi twastaajabia neno hilo kuliko zile siku 4: mtu mwenye njaa ya kazi yake, naye akaisukuma sahani.

Mwishowe walimkubalia. Akaondoka akiwa na umri wa miaka 56, pamoja na mabaharia weusi na weupe waliokula meza moja. Merikebu ile ilifanya safari 22, ikachukua askari 18.000.