Mungu Anaona Yote, Lakini Serikali Si Mungu

 

Tangu tumalize somo la Warumi 13, swali moja limeingia kwenye simu yangu mara tatu, kutoka kwa watu watatu tofauti: Mchungaji, nitaiheshimuje serikali inayochunguza watu kwa siri, na ikiulizwa inakana? Mmoja akataja jina la Edward Snowden. Najibu hapa kwa sababu najua wengi mnalo swali hilo, ila mmeona haya kuliuliza.

Wengine mlikuwa watoto, kwa hiyo niwakumbushe. Juni 2013, Snowden, kijana wa miaka 29 aliyekuwa mfanyakazi wa kandarasi katika NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano, aliwakabidhi waandishi nyaraka za siri akiwa Hong Kong. Habari ya kwanza ilitoka tarehe 5 Juni katika gazeti la The Guardian. Ilionyesha amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon kuipa NSA, kila siku, kumbukumbu za simu za wateja wake. Amri haikutaja mshukiwa yeyote. Ilitaka za wateja kwa mamilioni.

Sasa nisikilize vizuri. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 12 Machi, Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, mbele ya kamati ya Seneti, kama NSA inakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana, au angalau si kwa kujua. Nyaraka zilipotoka, aliandika barua kukubali kwamba jibu lake lilikuwa na kosa. Hakushtakiwa. Aliyefunguliwa mashtaka ni Snowden, na maisha yake tangu wakati huo yako Urusi.

Wapo wanaosema kijana huyu ndiye aliyeharibu imani ya wananchi kwa serikali yao. Mimi nakataa. Nimeketi na wanandoa wengi ofisini. Mume akigunduliwa, mara nyingi hasira yake humwendea jirani aliyemwambia mke. Lakini jirani hakuivunja hiyo ndoa, mpendwa. Ilikuwa imeshavunjika, mke ndiye alikuwa hajui.

Sisemi Snowden ni nabii Nathani. Nathani alikwenda mbele ya mfalme akamwambia usoni, huyu alipanda ndege. Tena anaishi chini ya serikali ambayo nayo haiwaachi raia wake wapumue. Lakini kabla hujamwita msaliti, soma 1 Wafalme 18. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, anakula mshahara wa Ahabu, na bado akawaficha manabii 100 mapangoni kinyume cha Yezebeli. Biblia inamwita mtu aliyemcha Bwana sana.

Usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mei 2014, tovuti ya habari ya The Intercept, ikitumia nyaraka hizohizo, iliandika kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za nchi nzima katika mataifa kadhaa, na Kenya ilitajwa kwa jina, pamoja na Mexico na Ufilipino. Kule Bahamas walikuwa wanahifadhi hata sauti zenyewe.

Kumbukumbu za simu si maneno uliyosema. Ni namba uliyopiga, saa ngapi, mliongea dakika ngapi. Serikali ya Marekani ilijitetea hivyo: hatusikilizi mazungumzo. Basi fikiri. Dada mmoja anapiga simu kituo cha kupima virusi saa nne asubuhi. Saa tano anampigia mamake, wanaongea dakika arobaini. Saa nane usiku anampigia mchungaji wake. Kuna haja gani ya kusikia alichosema? Mimi mchungaji nikitazama tu orodha ya simu zangu za mwezi mmoja, naona nani amefiwa, nani ndoa yake inayumba, nani amerudia pombe. Orodha hiyo ningeiogopa mikononi mwa mtu yeyote, hata awe mzee wa kanisa.

Hapo ndipo Mkristo mmoja atanijibu: "Mchungaji, asiye na kosa haogopi. Si Mungu anaona yote?" Nimesikia jibu hilo likihubiriwa hata madhabahuni. Ni jibu baya, na nitakuambia kwa nini.

Mungu alipomwona Hajiri jangwani, Mwanzo 16, alimwona ili amwokoe. Daudi katika Zaburi 139 anamwomba Mungu mwenyewe amchunguze moyo, kwa sababu anamjua anayechunguza. Mungu hahitaji faili. Hahamishwi idara. Hana shemeji mwenye biashara inayoshindana na yako, wala hagombei kiti mwaka ujao. Afisa anayefungua kumbukumbu zako ana hayo yote, tena hakufii msalabani akikukuta na dhambi. Ukimpa mwanadamu jicho la Mungu bila rehema za Mungu, umetengeneza sanamu.

Na hiyo ya "asiye na kosa" Danieli aliishaijibu. Soma sura ya 6. Maadui zake walimchunguza katika kazi ya serikali wakakosa doa hata moja. Wakafanyaje? Wakatafuta sheria mpya. Kilichokuwa halali asubuhi kikawa kosa jioni, na tabia yake ya kuomba dirishani, ambayo walikuwa wanaijua tayari, ikawa ushahidi. Danieli hakuwa na la kuficha, na alilala na simba.

Kwa hiyo Warumi 13 imefutwa? Hapana. Lakini isome yote. Paulo anamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Mtumishi hukaguliwa. Samweli alipozeeka, 1 Samweli 12, alisimama mbele ya Israeli yote akawaambia wamshuhudie kama alimchukulia mtu ng'ombe au punda. Hakuwaambia waheshimu kiti. Alifungua vitabu vyake. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha, pamoja na mawasiliano yake. Kuuliza kama kifungu hicho kinafuatwa si uasi.

Tatizo langu na baadhi yenu ni mahali mnapopeleka hasira. Kule Marekani waliokasirika walikwenda mahakamani na bungeni. Januari 2014 bodi ya serikali yenyewe inayolinda haki za faragha ilisema haikupata hata tukio moja la tishio kwa nchi ambalo mpango ule wa kumbukumbu za simu ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wake. Mei 2015 mahakama ya rufaa ikasema sheria haikuuruhusu. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha.

Na sisi? Huduma Namba ilipokuja 2019, nusu ya sauti nilizotumiwa kwa WhatsApp zilikuwa za 666. Mama wazee walikesha wakilia. Wakati huohuo watu wachache walikwenda Mahakama Kuu kimyakimya, na Januari 2020 majaji wakazuia serikali kukusanya DNA na mahali watu wanapoishi kwa GPS, wakataka sheria ya kulinda data ikamilishwe kwanza. Waliotuma sauti za 666 hawakumlinda mtu yeyote. Mtu aliyedanganywa na serikali mara moja asipojihadhari atadanganywa na kila mwenye simu.

Jumatano tutaombea wanaoshika taarifa za watu: walio idarani, walio kwenye kampuni za simu, walio mabenki, hospitalini. Mko wengine humu mnaofanya kazi hizo. Tutawaombea ujasiri wa Obadia, na akili ya kutumia njia za sheria ukiona kitu kinaoza.

Na jambo la nyumbani. Daftari la mahitaji ya maombi halitapigwa picha na simu tena, na mahitaji ya mtu hayatatumwa kwenye kikundi bila ruhusa yake mwenyewe. Viongozi wa vikundi, nitawapigia mmoja mmoja kabla ya Jumapili.

Ubarikiwe.
Mchungaji wako.