Maagizo ya Dawa ya Kisukari Yaandikwe kwa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona basi mgonjwa wa kisukari wa Thika au Ruiru akabidhiwe vidonge katika bahasha yenye "1x2" na maneno machache ya Kiingereza? Metifomini humezwa pamoja na chakula ili isivuruge tumbo. Glibenklamidi, ikimezwa na mtu asiyekula, yaweza kushusha sukari hata akatetemeka, akatokwa na jasho na kuzirai. Maelezo hayo si pambo. Ni sehemu ya tiba. Wafamasia na wawaandikie wagonjwa waziwazi: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula. Dawa isiyoeleweka yaweza kugeuka sumu.